Natoa mada ya mitandao ya kijamii, ukumbi mzima uko kwenye simu. Wenzangu mnafanyaje?

#1 Mwalimu wa Rau

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha sekondari hapa Moshi. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiitwa huku na huku kutoa mada ya matumizi ya mitandao ya kijamii: mashuleni, kwenye vikoba, kwa vijana wa kanisani, na mara moja kwenye kijiwe cha bodaboda. Silipwi na sijawahi kudai. Nilianza baada ya mwanafunzi wangu mmoja kuacha shule kwa sababu picha yake ilisambazwa kwenye grupu la darasa. Alikuwa na akili sana yule binti, na mpaka leo naumia.

Jumamosi iliyopita niliitwa Tengeru kuzungumza na wazazi. Viti vilikuwa mia, waliokuja hawakufika hamsini. Nilianza saa nne, na kabla ya saa tano nusu ya ukumbi walikuwa wameinamia simu. Mama mmoja wa mstari wa mbele alifungua video kwa sauti, akacheka, akamwonyesha jirani yake. Nilipofika kwenye faini na vifungo, wazee wakaanza kutoka mmoja mmoja. Nilipouliza kama kuna swali, niliulizwa chai inatoka saa ngapi.

Watu hawa hawa nimewaona wakisikiliza mada ya kisukari saa mbili bila kukohoa. Mtaalamu wa mbolea wanamwandika mpaka kwenye daftari. Nimefika mahali pa kuamini kwamba mada ya mitandao haifundishiki ukumbini hata kidogo. Nani ana uzoefu tofauti?

#2 Kiti cha Nyuma

Uzi mzuri huu. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Ndizi Mshare

Mwalimu, Tengeru Jumamosi? Tengeru gulio ni Jumatano na Jumamosi. Mama wa Tengeru siku hiyo yuko sokoni tangu alfajiri, na wale wachache uliowapata wamemwachia mtoto meza. Simu waliyokuwa wanaangalia ni mtoto anauliza bei ya mkungu. Mada yako haina shida, kalenda ndiyo ina shida.

#4 Mwalimu wa Rau

#3 asante, hilo sikulijua. Siku ilipangwa na walionialika. Lakini yule wa video hakuwa anaulizwa bei ya ndizi.

#5 Fundi Spika

Mimi kazi yangu ni kufunga vyombo vya muziki, harusi, misiba na semina, kuanzia Arusha mpaka Same. Semina nimezisikiliza nyingi kuliko wanaozitoa, maana mimi huwa siondoki.

Nakwambia ukweli mwalimu: nusu ya watu unaodhani hawakusikilizi, hawakusikii. Ukumbi wa bati usio na dari, sauti inagonga juu na kurudi, maneno yanapandana. Aliye kiti cha nyuma anapata "mita... dao... jamii... jamii." Dakika kumi za kusikia hivyo hata wewe ungetoa simu. Mvua ikinyesha ndiyo basi kabisa. Watoa mada wengi wanashika maiki chini ya kidevu kama wameshika kikombe, na wakigeuka kusoma ukutani sauti inaondoka nao.

Halafu hiyo projekta. Madirisha ya kumbi zetu hayana mapazia mazito, kwa hiyo mnafunga milango na kuzima taa ili maandishi yaonekane. Giza hilo ndilo watu wanachezea simu bila kuonekana. Bora uache projekta nyumbani. Kabla hujaanza, mpe mtu mmoja maiki aongee kawaida, wewe nenda ukakae kiti cha mwisho kabisa usikilize.

#6 Chalii wa Ngarenaro

Fundi kasema ya kwake ila mimi nina langu. Watoa mada wa mitandao wanakuja kututukana. Sentensi ya kwanza ni "vijana mnapotea," ya pili ni "zamani sisi." Ukishasikia hivyo unajua saa nzima itakuwaje, unatafuta pa kuweka akili yako.

Nikiwa kidato cha tatu alikuja mgeni shuleni kwetu, tukakusanywa bwaloni. Akatusema sana kuhusu kuweka picha mtandaoni bila kufikiri. Sana. Alipomaliza akatupanga mbele ya jiko, akapiga picha na sisi, na jioni ikawa kwenye ukurasa wake. Mimi niko mstari wa kwanza, sweta limetoboka kifuani, nimeshika sahani. Hakuna aliyeniuliza. Watu wa mtaani kwetu waliiona, nikaitwa "sahani" mpaka namaliza shule. Picha bado ipo. Nimeiangalia leo kabla ya kuandika hapa.

Kwa hiyo mtu akisimama kuniambia habari ya mitandao, mimi kwanza namwangalia yeye anaitumiaje.

#7 Mama wa Njiro

#6 pole mwanangu, hilo halikuwa sawa. Lakini na nyie vijana mkiambiwa jambo kwa upole hamsikii, mkiambiwa kwa ukali mnasema mmetukanwa. Mzazi afanyeje?

#8 Kiti cha Nyuma

Chalii hilo la sahani limeniuma kweli.

#9 Kanzu na Vitabu

Kosa lipo kwenye kutisha watu kwa sheria. Kila mtoa mada anataja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, kusambaza uongo faini milioni 3, anakaa chini. Mkulima wa Kibosho afanye nini na habari hiyo? Anaogopa, na mtu akiogopa anafunga masikio.

#10 Karani wa Zamani

#9 rekebisha hapo. Ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Umechanganya miaka na milioni, na watoa mada wengi wanachanganya hivyo hivyo.

Jingine wanaloliacha ni maneno yenyewe ya kifungu. Kinamzungumzia mtu anayechapisha jambo *akijua* ni la uongo au la kupotosha, na akiwa na nia mbaya. Nimekaa kwenye semina tukaambiwa kwamba ukitumiwa tu kitu kwenye grupu umeshakosa. Bibi mmoja wa Old Moshi alitoka pale akajiondoa kwenye grupu la ukoo, na msiba uliofuata hakupata taarifa mapema. Mtu akisoma sheria nusu mbele ya watu anaweza kuwaletea hasara kama hiyo.

#11 Kanzu na Vitabu

Nimekubali masahihisho, asante mzee. Hoja ya kutisha iko pale pale.

#12 Nesi wa Zamu

Nimesoma wote. Naona mnazungumzia mtoa mada, ukumbi na siku, na hakuna aliyemgusa msikilizaji mwenyewe. Nami naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Naalikwa kwenye vikoba kuzungumzia afya ya uzazi, na siku moja kikundi kimoja cha Majengo, Moshi, waliniomba niongeze habari za utapeli wa kwenye simu. Nikakubali, nilidhani ni jambo jepesi. Nikaanza na ile meseji tunayoijua wote, "ile hela tuma kwenye namba hii." Nilitegemea watacheka. Kimya. Mmoja akachukua simu, wa pili akachukua simu, wa tatu akaanza kumfunga mtoto nguo upya ambayo ilikuwa imefungwa vizuri. Nikaona wamenidharau. Nikafupisha, nikafunga, moyoni nimekasirika.

Natembea kwenda kupanda gari, mwanamke mmoja ananifuata nyuma. Kumbe ni mtunza hazina wao. Wiki mbili kabla alikuwa ametuma hela ya kikundi kwa meseji hiyo hiyo, maana siku hiyo kweli kulikuwa na mtu wanamtarajia kumlipa. Kikundi kizima kilijua. Walikuwa wamekubaliana kimya kimya wasilitaje mpaka arudishe, ili ndoa yake isivunjike. Mimi nimeingia pale nalisema kwa sauti mbele ya wote, bila kujua. Zile simu walizoshika walikuwa wanamstahi mwenzao.

Tangu siku ile nikiona ukumbi umeinamia simu, swali la kwanza kichwani ni: hapa nimegusa kidonda cha nani? Kisukari kila mtu anakisikiliza kwa sababu hakuna anayeona aibu kuwa nacho. Mitandao ina aibu. Kuna aliyetapeliwa, kuna aliyetuma picha, kuna ambaye mumewe yuko laivu na wanawake usiku. Usidhani wamekuja wakiwa weupe.

#13 Dereva wa Noah

Nesi umenisimamisha pembeni ya barabara nisome. Ila Mchaga kutuma hela bila kupiga simu kwanza? Hapo sijakubali.

#14 Ndizi Mshare

#13 inategemea ni wa Machame au wa Rombo 😄

#15 Mangi Duka la Kona

Mnatuonea. Mangi naye hutapeliwa, ila anasema mwezi wa kumi na mbili akiwa nyumbani, tena mbele ya mbege.

#16 Kivuli cha Meru

Turudi kwenye mada. Nimekulia chini ya Mlima Meru upande wa Waarusha, na mwaka juzi niliombwa kwenda na vijana wawili kuzungumza na wazee wa kijijini kwetu. Tulijiandaa vizuri, mifano tulikuwa nayo. Wazee wakakaa chini ya mti, fimbo zimesimama, macho yako kwenye ng'ombe wanaopita. Hakuna hata mmoja aliyetuangalia usoni. Mwenzangu mmoja wa mjini alikata tamaa kabisa, alinong'ona tuondoke.

Tulipomaliza pakawa na ukimya mrefu. Kisha mzee mmoja akauliza, akiwa bado anaangalia ng'ombe: "Wageni wanaokuja na magari wanatupiga picha sisi na watoto. Picha hizo zinakwenda wapi?" Tulikuwa hatujaandaa neno hata moja kuhusu hilo. Sisi tulikuja na habari za uongo wa WhatsApp, yeye alikuwa na swali kubwa kuliko letu. Mwingine akadakia kwamba mjukuu wake alimwonyesha sura yake mwenyewe, babu, kwenye simu, imewekwa maneno ya kuchekesha chini yake. Tulikaa mpaka jua linazama.

Baadaye nilijifunza kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Nikarudi kuwaeleza. Safari hiyo walikuja wengi zaidi, na bado hawakuniangalia usoni.

Kwa hiyo na hili la "wanasikiliza au hawasikilizi" nalo liangaliwe. Mwalimu amezoea darasa ambalo mtoto anamtazama. Si kila mahali kusikiliza kunafanana.

#17 Chalii wa Ngarenaro

#16 ahsante sana. Mzee kauliza swali langu la bwaloni.

#18 Mratibu Mstaafu

Mmezunguka sana. Jibu ni posho. Nimeendesha semina miaka mingi kwenye mikoa hii miwili. Watu walishazoeshwa kwamba semina ina nauli, chai na bahasha. Ukija bila hivyo unaonekana umekula fungu lao. Mtaalamu wa mbolea anasikilizwa kwa sababu mwisho kuna mfuko wa sampuli.

#19 Nesi wa Zamu

#18 kwa heshima, mzee wangu, kikundi changu cha Majengo ndicho kilichonilipia mimi nauli. Posho haielezi kila kitu.

#20 Mratibu Mstaafu

Nakubali si kila kitu. Lakini jaribu kuwanyima chai uone.

#21 Fundi Simu Mbuyuni

Natengeneza simu pale Mbuyuni, na ninayoyaona kwenye simu za watu nayaacha huko huko. Maoni yangu ni kwamba mtoa mada anashindana na kifaa kilichotengenezwa makusudi kimshinde. Facebook ndio waliobuni ule ukurasa usio na mwisho, unashusha na kushusha haufiki chini. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa ulikuwa unapumzika kidogo, unajiuliza niendelee? Sasa pa kupumzika hapapo. Wewe una maiki na fulana ya mradi, utashindaje?

Mimi huwa naingia kwa mlango mwingine. Nikiitwa kijiweni nasema toeni simu wote, pigeni *106#, angalieni laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hakuna anayechezea kitu kingine hapo! Kuna kijana wa bodaboda alikuta namba asizozijua zimesajiliwa kwa jina lake, alipauka. Kisha nawaonyesha ile alama ya mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp: maana yake umepita mikono mingi kabla ya kukufikia, usiuamini kwa sababu tu umetumwa na shangazi. Kisha meseji ya kitapeli, unaifowadi kwenda 15040. Dakika ishirini nimemaliza. Kila mtu kaondoka na kitu kwenye simu yake.

#22 Karani wa Zamani

#21 yote sawa ila ukurasa usio na mwisho unahusishwa na mbunifu mmoja, Aza Raskin, mwaka 2006. Facebook waliuchukua kama wengine. Na huyo Raskin amewahi kusema hadharani kwamba anajuta.

#23 Fundi Simu Mbuyuni

Karani wewe hulali? Asante, nimejifunza.

#24 Mlezi wa Bweni

Njia ya #21 shuleni haiwezekani. Wanafunzi wangu wa bweni hawaruhusiwi simu kabisa. Kuwapa mada ya mitandao mwezi wa tatu ni kumsimulia mwenye njaa habari za pilau. Wanasikiliza kwa hamu isiyo sahihi. Simu wanazipata likizo, kwa kaka na shangazi, na mambo yote yanaharibika wiki tatu za Desemba, wakati mwalimu hayupo na mzazi yuko dukani.

Mimi nimejaribu karatasi. Kila mmoja anaandika swali bila jina, zinakusanywa kwenye ndoo, nasoma mbele. Maswali niliyoyapata hayo hayajawahi kuulizwa kwa mdomo. Kuna aliyeandika: "Nikimpiga bloku atazituma?" Mstari mmoja tu huo. Bwalo lote lilinyamaza.

#25 Nesi wa Zamu

#24 kuwa mwangalifu sana na hizo karatasi, tafadhali. Mwandiko unajulikana. Shule moja mwalimu alisoma karatasi kwa sauti kisha akaiacha mezani, na wenzake wakamtambua binti kwa herufi zake kabla ya kengele ya chakula. Zisome peke yako usiku uliotangulia, ziandike upya kwa mkono wako, uchome zile za mwanzo.

Na huyo aliyeuliza habari ya bloku asiachwe hewani. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na kwa picha za aliye chini ya miaka 18 kuna huduma iitwayo Take It Down, ilianza 2023: picha haitoki kwenye simu yake, kinachotumwa ni alama tu inayoiwezesha mitandao iliyojiunga kuitambua picha hiyo na kuizuia. Kwa watu wazima kuna StopNCII. Mtoa mada asiyejua hata njia moja ya msaada, bora asilifungue jambo hilo mbele ya watoto.

#26 Mlezi wa Bweni

Nimelipokea, nesi. Ndoo ya wiki ijayo nitafanya hivyo. Yule wa bloku sijamjua mpaka leo, nitaandika namba hizo ubaoni na kuziacha mwezi mzima.

#27 Dereva wa Noah

Mimi nasema semina iwe na mtori. Watu wakishika bakuli kwa mikono miwili simu watashikia wapi?

#28 Kivuli cha Meru

Loshoro ndiyo inahitaji mikono miwili. Mtori ni wa wagonjwa.

#29 Ndizi Mshare

#28 usiguse mtori.

#30 Mama wa Njiro

Nimerudi, na nina neno. Mimi ni mmoja wa wanaoshika simu kwenye mikutano ya wazazi. Wa mbele kabisa. Si dharau. Mwanangu yuko chuo Dodoma, na wiki nne sasa hajibu simu, ila stetasi anaweka. Kwa hiyo naangalia stetasi yake. Ikibadilika najua yuko hai, kala, kalala. Saa ishirini na nne zikipita bila kitu nashindwa hata kupika. Mwalimu anazungumza kule mbele kuhusu hatari za mitandao, na mimi mtandao ndio kamba pekee iliyobaki kati yangu na mtoto. Hakuna mtoa mada aliyewahi kusema hivyo. Wote wanasema tuzime.

#31 Chalii wa Ngarenaro

Mama, mjibu kwenye hiyo stetasi yake. Usimuulize shule wala hela. Mjibu tu hiyo aliyoweka. Mimi mama yangu alinipata hivyo.

#32 Mama wa Njiro

Nimeandika sasa hivi.

#33 Mwalimu wa Rau

Wakuu nimerudi, ni wiki ya pili. Niliitwa Kiborloni na akina mama wa mitumba, kumi na wawili, kibarazani. Bila projekta, bila maiki. Nilianza na *106# ya #21. Watano hawakuwa na kitambulisho na namba ya NIDA hawaikumbuki, hivyo robo saa ikaenda kwenye kupiga simu nyumbani watoto wasome namba. Kelele nyingi, lakini kelele za kazi yenyewe. Mmoja alikuta laini asiyoijua, akaondoka pale pale kwenda kuifuta, na wawili wakamsindikiza. Nikabaki na tisa.

Sikutaja utapeli kwa mfano wa mtu. Niliuliza tu kama kuna anayetaka kubaki baadaye. Wakabaki wanne. Waliyosema sitayaandika.

Na bado wawili walikuwa kwenye simu mwanzo hadi mwisho. Mmoja nilimpita nyuma nikaona anapanga bei za magauni na mteja wa Himo. Mwingine sijui. Dai langu la #1 sijaliondoa, maana hapa hapakuwa ukumbini.

#34 Fundi Spika

Kibaraza hakina bati juu. Nilisema.

#35 Mratibu Mstaafu

Chai ilikuwepo?

#36 Mwalimu wa Rau

Walipika wenyewe, mzee.

#37 Ndizi Mshare

Mwalimu, kikundi chetu Tengeru tunakuomba urudi. Tuko kumi na tano, chini ya mparachichi kwa mwenyekiti. Alhamisi, tafadhali. Isiwe Jumatano wala Jumamosi.

#38 Mwalimu wa Rau

Alhamisi nina vipindi mpaka saa nane. Nikifika saa kumi nitawakuta?

#39 Ndizi Mshare

Saa kumi tupo. Na waambie watakaokuja nawe wasitupige picha.